Mtoa intaneti wa mtaani anatupa paketi zetu usiku: bado ni "bila kikomo"?

Mkaazi_Tabata: Wakuu, tujadili hili. Mtaani kwetu jamaa anasambaza intaneti kwenye nyumba kama 40. Bango lake linasema "megabiti 10, bila kikomo", yaani kasi ya megabiti 10 kwa sekunde. Mchana inapaa, ila ikifika saa 2 usiku video inaganda kila dakika. Nimembana fundi wake akakiri: kwenye ruta, kifaa kinachogawa intaneti, kila nyumba imewekewa kikomo, na paketi (kipande kidogo cha data) inayozidi haiwekwi foleni, inatupwa. Kwangu huu ni wizi. Ukiuza kilo, pima kilo.

Fundi_Minara: "Wizi" ni neno zito, mkuu. Kazi hii naifanya mwaka wa tisa. Aliyenunua megabiti 100 atazipa vipi nyumba 40 megabiti 10 kila moja saa ileile? Hiyo ni 400. Ukiondoa kikomo, nyumba moja inashusha filamu, 39 zinalala njaa. Na wanaolalamika zaidi ni kina mama waliomwachia mtoto katuni tangu atoke shule.

Mama_Wawili: Kaka fundi, hapo kwenye katuni umenigusa. Mimi naandika hesabu za watu nikiwa nyumbani, usiku. Mtoto akiwa na katuni yake ndiyo nafasi pekee ninayopata. Nalipa kabla ya tarehe 5 kila mwezi. Hela yangu na ya baba anayeangalia mpira zina tofauti gani?

Kijana_wa_Kona: Dada kasema kweli. Siku ya Simba na Yanga mtaa mzima unaganda, na hakuna anayewasema kina baba.

Fundi_Minara: Sijamtukana mtu. Nimesema ninachokiona kwenye ruta.

Mama_Wawili: Kwenye ruta unaona namba. Umejuaje kama ni mama?

Mzee_wa_Itifaki: Vijana, hoja inapotea. Kikomo si kosa, kosa ni kinavyowekwa. Ruta inahesabu kwa ndoo ya tokeni: ndoo inajazwa tokeni, yaani vibali vya kupitisha data, kwa kasi uliyolipia, na ukubwa wake ndio basti, yaani kiasi kinachoruhusiwa kupita kwa mkupuo. Nimewahi kukuta ndoo ya baiti 15,000 kwenye laini ya megabiti 10. Hizo ni paketi 10 za kawaida, milisekunde 12 tu! Seva ya Ulaya kwenda na kurudi inazidi milisekunde 100, kwa hiyo ndoo inaweza kuisha kabla jibu halijarudi. TCP, itifaki inayosimamia utumaji wa data, ikiona paketi zimepotea inapunguza mwendo, inapanda taratibu, inagonga ukuta tena. Mteja kalipia 10, hafiki hata nusu. Watafiti wakiwemo wa Google walipima jambo hili mwaka 2016, wakakuta palipo na utupaji wa namna hii paketi zinapotea kwa wastani mara 6 zaidi. Fundi, wewe ndoo yako ina ukubwa gani?

Fundi_Minara: Mzee shikamoo. Foleni nayo ina ubaya wake. Ikiwa ndefu, simu ya video inachelewa hadi watu wanaongea kwa kupokezana.

Mzee_wa_Itifaki: Marahaba. Foleni ndefu ya kijinga, ndiyo. Tumia fq_codel au CAKE, njia za kupanga foleni kwa akili; ruta za MikroTik zenye programu toleo la 7 zinazo zote. Ila swali langu la ndoo hujalijibu.

Kijana_wa_Kona: Marekani kampuni ya simu ya AT&T walishtakiwa kwa "bila kikomo" hiihii, wakalipa kama milioni 600.

Mwanasheria_Mtaani: Milioni 60 za dola, mwaka 2019. FTC, mamlaka ya Marekani inayolinda wateja, iliwashtaki 2014. Na shida haikuwa kupunguza kasi peke yake, ilikuwa kutowaambia wateja waziwazi. Hapo ndipo jamaa wa Tabata anapoangukia.

Fundi_Minara: Marekani siyo huku. Ile mwaka juzi nyaya za baharini zilipokatika, tungewaambia nini wateja?

Mzee_wa_Itifaki: Ilikuwa Mei 2024, EASSy na Seacom. Ile ilikuwa ajali, kila mtu alielewa. Saa 2 ya kila usiku siyo ajali.

Mkaazi_Tabata: Kwa hiyo bora tuuziwe kwa giga kama bando la simu?

Kijana_wa_Kona: Usiwape wazo hilo kaka! Bando linaisha Jumanne.

Mama_Wawili: Mimi sitaki giga wala ndoo. 100 gawa kwa 40 ni 2.5, hesabu ndiyo kazi yangu. Andikeni kwenye risiti: "saa 1 hadi saa 4 usiku, nyumba zote zikiwaka, megabiti 2 na nusu". Nitajua katuni ipakuliwe mchana na faili zangu nizitume alfajiri.

Fundi_Minara: Dada, nikiandika 2 na nusu wateja watahamia kwa jirani anayeandika 20.

Mama_Wawili: Naye huyo wa 20 ananunua megabiti ngapi kutoka juu?