Wakuu, hizi anotesheni za kutuandikia konstrakta zitatuua

Nimekuja na hasira, mnivumilie.

Tuna klasi ya Java inaitwa Ujumbe. Fildi tatu, zote String: mtumaji, mpokeaji, yaliyomo. Juu yake imekaa @AllArgsConstructor, anotesheni (alama ya maagizo) ya Lombok, ile maktaba ya kutuandikia msimbo. Konstrakta, yaani kile kipande kinachounda kitu cha klasi na kujaza fildi zake, inajitengeneza yenyewe wakati wa kukompaili, raha mustarehe. Juzi mwenzetu mmoja mpenda usafi akaona fildi hazijafuata alfabeti. Akazipanga. Mpokeaji ikapanda, mtumaji ikashuka. Mstari mmoja tu umehama, nani angekataa? Hata mimi niliupitisha.

Kumbe vigezo vya konstrakta vinafuata mpangilio wa fildi! Kule tunakoita new Ujumbe(mtumaji, mpokeaji, yaliyomo) hakuna aliyegusa kitu, na kompaila haikukohoa, maana String ni String. Majaribio nayo yakapita kwa sababu aliyeyaandika (haya, ni mimi) aliweka anwani ileile pande zote mbili. Tukaachia. Barua pepe za wateja zikaanza kuturudia sisi wenyewe, tena zikionekana zimetoka kwao.

Sasa tafuta kosa. Konstrakta ya kusoma haipo kwenye faili. Unabonyeza uende ilipoandikwa, unatupwa kwenye anotesheni. Nikaita javap, zana ya kuchungulia klasi iliyokwisha kukompailiwa, ikanijibu String, String, String. Asante sana! Mpaka nilipoongeza -c, ya kuonyesha maagizo ya ndani, ndipo nikaona mpokeaji anajazwa wa kwanza.

Na @Data, anotesheni nyingine ya Lombok, kwenye entiti za JPA (klasi zinazohifadhiwa kwenye hifadhidata) msinianzishie. hashCode inayotuandikia, yaani ile namba ambayo mkusanyiko wa HashSet hutafutia vitu vyake, inabeba kila fildi, id ikiwemo. Weka entiti kwenye HashSet kabla ya kuihifadhi. Hifadhidata ikishaipa id, contains inakwambia false na kitu kimo humohumo kinakutazama.

Najua mtaniambia nitumie record, zile klasi fupi za kubebea data zinazojitengenezea konstrakta, zipo rasmi tangu Java 16, mwaka 2021. Nazo zinafuata mpangilio, sawa, ila pale mpangilio umeandikwa kwenye mabano, kichwani kabisa. Anayeugusa anajua kagusa konstrakta.

Kilichonileta hapa hasa ni hiki: nimefuta anotesheni, nimeandika konstrakta kwa mkono, mistari mitano. Mabadiliko yangu yamekataliwa, eti yanajaza faili bure. Aliyeyakataa ni yuleyule mpanga alfabeti.