Winchi, sleji au pikipiki ya matairi manne: kipi kitanitolea kulungu korongoni?

Kijuso
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla hela haijanitoka. Msimu uliopita nilipiga kulungu wanne mahali pabaya, na kila mmoja alinitoa roho hadi kumfikisha kwenye gari. Nimeapa siburuzi tena kwa mikono. Uwezo wangu ni kitu kimoja tu: winchi (mashine ya kuvuta mzigo) ndogo ya petroli, ile ya kuzungushia kamba kwenye ngoma, au sleji nzito ya plastiki ya kuburuzia mnyama na mkanda wake wa mabegani, au pikipiki ya matairi manne iliyotumika (hapo itabidi nikope). Nichukue kipi? Tafadhali msiniambie "inategemea".

Mzee wa Fundo
Inategemea. 😀
Kijana, unaomba dawa hujasema unaumwa wapi. Kulungu gani hao? Dume wa kulungu mwekundu (red deer) aliyekwisha tolewa matumbo anaweza kupita kilo 100. Wale wadogo wanaoitwa roe wana kilo 15 hadi 20, huyo unamtia begi la mgongoni ukaondoka unapiga mluzi. Umbali gani? Unapandisha au unashusha? Ni mwamba, tope au msitu? Kuna mti wa kufungia winchi? Na uko peke yako?

Matairi Manane
Zote tatu ni kupoteza hela. Tafuta gari la matairi manane linaloelea majini. Linapita kwenye kinamasi ambacho wewe mwenyewe ungezama mpaka kiunoni, na mnyama unamlaza nyuma kama mgonjwa. Nimetumia miaka 9, sirudi nyuma.

Bi Kisu
@Matairi Manane kaka, mwenzio kasema anakopa kwa pikipiki iliyotumika, wewe unampeleka kwenye gari la matairi manane. Haya.
Mimi ni mtu wa sleji. Tena nyingi wanazoziponda waliziharibu wenyewe kwa kumfunga mnyama vibaya. Kwanza toa matumbo palepale alipoanguka, maana unaacha mlimani robo mpaka theluthi ya uzito. Usimpasue mpaka kifuani, tundu likiwa kubwa linazoa majani na matope njia nzima. Miguu ya mbele ikunje uifunge juu kwenye shingo, isije ikanasa kwenye vichaka kama nanga. Halafu kichwa kitangulie. Siku zote kichwa kitangulie! Manyoya yamelala kuelekea mkiani, ukimvuta kwa miguu ya nyuma unayasugua kinyume na anakuwa mzito mara mbili. Ukifanya hivyo, kwenye nyasi zilizolowa hata sleji huihitaji sana.

Kijuso
Asanteni wakuu. Ni madume wekundu. Gari linaishia juu, mnyama anakuwa chini korongoni, kama mita 300 hivi. Miti hakuna, mawe makubwa yapo.

Mzee wa Fundo
Kumbe unapandisha! Mbona hukusema mwanzo. Sleji kwa mita 300 za mlima na kilo 100 nyuma yako, hapana. Hiyo ni ya kushusha na ya tambarare.
Na hujajibu kama uko peke yako.

Ngoma Tatu
Winchi, bila kupepesa macho. Ya umeme iliyo mbele ya pikipiki huwa na waya wa mita 15 tu au zaidi kidogo, mita 300 utahamishahamisha mpaka alfajiri. Ya ngoma haihifadhi kamba ndani: unaizungusha mara tatu nne, inavuta kwa nguvu ileile hata kamba iwe ndefu vipi. Yangu inakwenda kama mita 10 kwa dakika, kwa hiyo kwako ni nusu saa ya kelele ukishafunga. Ila jua unachobeba. Mashine ina kama kilo 10 au zaidi, na kamba ya poliesta ya milimita 10, urefu wa mita 300, inapita kilo 20. Usinunue Dyneema, ile kamba nyepesi yenye nguvu sana, ukidhani umepunguza mzigo. Inateleza kwenye ngoma, na joto la msuguano linaiyeyusha.

Jiwe Tupu
Swali la Mzee wa Fundo ndilo lenyewe. Winchi ya ngoma inataka mkono wa kushika kamba inayotoka. Ukiiachia, inaacha kuvuta. Sasa mnyama akinasa pua chini ya jiwe mita 200 huko bondeni, nani atamnasua? Unazima, unashuka, unamgeuza, unapanda, unawasha. Jiwe la pili, vilevile. Nilifanya hivyo mara 6 siku moja kwa dume mmoja. Afadhali ningemkata vipande.

Ngoma Tatu
Wafunge koni ya plastiki kichwani, inateleza juu ya mawe. Na kapi moja pale kwenye jiwe kubwa, nguvu inakuwa mara mbili.

Jiwe Tupu
Hapana. Kapi likifungwa kwenye jiwe halizidishi kitu, linageuza tu kamba ielekee upande mwingine, na hilo jiwe ndilo linabeba karibu mara mbili. Faida unaipata kapi likiwa kwa mnyama, linasogea naye, na ncha ya kamba umeirudisha juu ukaifunga. Hapo nguvu ni mara mbili kasoro msuguano, mwendo nusu, na kamba unahitaji mita 600. Azibebe nani?

Ngoma Tatu
Mimi nimetumia jiwe miaka yote na inavuta vizuri.

Jiwe Tupu
Inavuta vizuri kwa sababu mashine ina nguvu. Kapi halihusiki.

Kamba Kiunoni
Naomba niwatoe kidogo kwenye hesabu. Jina langu la humu watu wananiuliza kila siku, leo nasema.
Ilikuwa jioni, mvua imekatika muda si mrefu, nyasi zinang'aa. Nilikuwa nashusha dume wa kama kilo 90, mteremko wa kawaida tu, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Nikaona, kwa nini nishike kamba? Nikaifunga kiunoni kwa fundo ambalo mpaka leo silijui jina. Mita 50 za kwanza nilijisifu. Kisha nikahisi kamba imelegea. Nikafikiri kanasa, nikageuka, nikamwona anakuja. Hatoi sauti, mnajua, manyoya yaliyolowa juu ya nyasi zilizolowa ni kama sabuni. Akanipita kushoto, pembe ikanichana chini ya goti, nikawa mimi ndiye ninayeburuzwa. Nilikwenda kwa mgongo, kisigino kikipiga kila jiwe, mpaka yeye akatumbukia kwenye kijito na mimi nikagota kwenye ukingo, kamba imenikaza tumboni kwa uzito wake wote.
Kisu kilikuwa kwenye begi, na begi nilikuwa nimeliacha juu ili nije kulichukua nikiwa mwepesi. Nilikaa pale nikichokonoa fundo kwa kucha mpaka giza likaingia. Lilipofunguka mnyama akashuka kabisa majini, nikamwacha. Nilimpata asubuhi na hakuna aliyemtaka.
Siku hizi kamba naifunga kwenye kijiti, nashika kijiti. Akitaka kutangulia, nakiachia aende zake.

Matairi Manane
Pole sana mkuu. Lakini nani anafunga kamba kiunoni?

Bi Kisu
Wewe ambaye unapakia na kuondoka utajuaje. Vidole vikifa ganzi mtu anafunga popote. Kisu kiwe mwilini, basi.

Tandiko
Mbona hakuna aliyetaja farasi mdogo wa milimani? Walibeba madume kabla ya injini zenu na hadi leo kuna sehemu wanabeba. Anapita pasipopita tairi, hazimi katikati ya mlima, hapasui udongo. Muhimu mzigo ulale sawa kulia na kushoto, na pembe zifungwe zisimchome ubavuni. Poni mpya mpakie taratibu, harufu ya damu inawatia wazimu.

Jiwe Tupu
Na siku 340 zilizobaki za mwaka anakula bure.

Tandiko
Kama pikipiki iliyokopewa inavyokula riba.

Mpita Bondeni
Mnanishangaza. Kanuni ya kwanza: kabla hujavuta kifyatulio, jiulize huyu atatokaje. Nimewaacha madume wazuri sana wakijilia majani kwa sababu walisimama upande mbaya wa korongo. Ukingoja, mara nyingi wenyewe wanapanda.

Kijuso
Mkuu hilo nalijua, ila kwangu wanapenda kulekule chini. Pikipiki bado naifikiria, nashuka nayo mpaka nusu.

Mzee wa Fundo
Kwenye mteremko ambao hata sleji nimeikataa? Ukimfunga dume nyuma juu ya keria, pua ya pikipiki inakuwa nyepesi, na unapopanda inakupindukia mgongoni. Nimeona ikitokea. Kama ni lazima, mzigo ukae chini, na pale penye mashaka shuka utembee. Kata vipande, Kijuso. Mapaja, mabega, minofu ya mgongo, safari tatu na begi. Uliza kwanza sheria za kwenu, kuna sehemu mkaguzi anataka kuona kichwa na viungo vya ndani kabla nyama haijauzwa.

Kijuso
Safari tatu siwezi. Sikusema, mgongo wangu ulipasuliwa mwaka juzi.

Bi Kisu
Haya sasa!! Posti ishirini ndiyo unatuambia.

Kamba Kiunoni
Nje ya mada: baada ya kubeba mabegani hivyo mnatoaje kupe? Jana nimekuta watatu nyuma ya sikio.

Tandiko
Kibano chenye ncha nyembamba, mshike karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumbana tumbo. Usimpake mafuta wala usimchome moto. Ukiona wekundu unaosambaa kwa mduara, nenda hospitali ukawatajie Lyme, ugonjwa unaoletwa na kupe.

Ngoma Tatu
Mimi hupaka mafuta, wanatoka wenyewe.

Jiwe Tupu
Kama kapi lako.

Kijuso
Wakuu, nimeona kuna winchi za betri siku hizi, hazina kelele. Kuna aliyezijaribu kwenye baridi?

Mzee wa Fundo
Uko peke yako au hauko peke yako?