Tupeane uzoefu: unapimaje kwamba ni Mungu anasema, si mawazo yako?

Bwana asifiwe, wapendwa wa Goma na Bukavu. Mada hii ni ya siku za kazi, si ya Jumapili. Mwenye nyumba anadai miezi mitatu, mtoto amefukuzwa shuleni kwa sababu ya minervali (ada ya shule), na moyoni kitu kinasema "hama" au "ngoja". Mnapimaje? Leteni njia, ushuhuda tunao wa kutosha.

Mama wa Birere: Kaye (daftari) ndogo ya shule inatosha. Chora nafasi tano: tarehe na saa, maneno yenyewe jinsi yalivyokuja, hali ya mwili, Andiko, kilichofuata. Ile ya tatu ndiyo watu wanairuka. Andika kama ulikula, ulilala saa ngapi, una hasira na nani. Mfano: "Jumanne, saa tisa usiku. *Usimkopeshe tena yule.* Sijala tangu asubuhi. Jioni tuligombana." Hapo bado huna ujumbe, una ugomvi. Kula, lala, mpatane, kisha usome tena. Elia alipotaka kufa, malaika alimpa kwanza mkate na maji, mara mbili, na usingizi katikati. Sauti ndogo ya utulivu aliisikia baadaye, Horebu (1 Wafalme 19). Neno la Mungu si samaki wa sambaza, halitaoza ukilikalisha siku saba. Woga ndio hubadilisha maneno kila kukicha, na kaye itaufichua. Ila andika palepale. Ukingoja hadi jioni, utaanza kupamba.

Mzee wa kanisa, Kadutu: Kwenye nafasi ya nne kuna mtego: kufungua Biblia popote na kuweka kidole. Shetani naye alimletea Yesu Zaburi ya 91, mstari wa kweli mahali pasipo pake. Soma sura nzima, na ile iliyotangulia. Halafu peleka kaye kwa watu wawili waliokomaa. Samweli aliitwa mara tatu akakimbilia kwa Eli, na Eli mwenyewe alielewa mara ya tatu tu. Kukosea mwanzoni si dhambi.

Dada wa Himbi: Baba, na huyo mtu mzima akiwa ndiye nabii mwenye chumba cha maombi?

Mzee wa kanisa, Kadutu: Swali zuri, binti yangu. Chagua mtu asiyekula chochote katika uamuzi wako. Ukihama, ukioa, ukiuza kiwanja, yeye asipate hata faranga. Na 1 Wakorintho 14:29 inasema manabii wawili au watatu wanene, wengine wapambanue. Nabii anayekataza kupimwa amekwisha kukujibu.

Dada wa Himbi: Basi niongeze. Unabii wenye bei ("dola mia kabla jua halijatua"), wenye haraka, na wenye "usimwambie mume wako", uache hapo hapo. Wa hatari kuliko yote ni ule unaomtaja mtoto kuwa mchawi. Katiba yetu ya Kongo, kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu. Mtoe mtoto humo kwanza, mabishano yafuate.

Muuguzi, Ibanda: Kuhusu kufunga ili usikie vizuri: mwenye kisukari, mjamzito, anayenyonyesha na anayemeza dawa kila siku wasifunge kikavu, bila chakula wala maji. Dawa za virusi vya UKIMWI au za presha haziachwi kwa ajili ya maombi. Na mtu asiyelala siku tatu, anayesikia sauti zikimwamuru ajidhuru au adhuru wengine, msimfunge kamba chumbani. Kama ana homa, apimwe malaria leo hii, maana malaria kali huvuruga akili. Kama hana, kuna vituo vya magonjwa ya akili: Sosame hapa Bukavu na Tulizo Letu huko Goma. Mchungaji amsindikize, wala hapotezi kitu.

Kijana wa Majengo: Na ndoto za mlima je? Tangu volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, kila mwezi kuna aliyeota inatapika moto tena, na watu wanabeba magodoro usiku.

Mama wa Birere: Iandike kwenye kaye, omba, usirekodi sauti ya kurusha WhatsApp. Asubuhi sikiliza wataalamu wa OVG, kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, wanasema nini, angalia na rangi ya bendera ya tahadhari. Lakini mfuko wenye kadi ya mchaguzi, diplomu, dawa na maji uukalishe karibu na mlango, umeota au hujaota.