Glasiere ya kutunzia sigaa wakati wa kiangazi hapa Lubumbashi: inafaa?

Kijana wa Golf

Jambo yenu wote. Niko Lubumbashi, nafanya kazi kwenye baa moja ndogo upande wa Golf. Patron amenikabidhi sigaa, zile sigara nene za jani tupu, nyingi za Nikaragua na chache za Cuba, karibu sitini. Wateja wa migodini wakishuka wikendi kutoka Kolwezi wanaziulizia. Shida ni hiki kiangazi. Tangu mwezi wa sita zimeanza kukauka: ukiiminya moja kwa vidole inalia, na kuna tatu ambazo jani la juu limepasuka toka kichwani hadi katikati. Sanduku lenyewe la kutunzia, lile la mbao lenye kioo, patron akisikia bei yake hataki mazungumzo tena.

Nyumbani nina glasiere ya plastiki ya lita 40, ya kubebea vinywaji tukienda pikiniki. Nimesikia kuna watu wanaigeuza kuwa sanduku la sigaa. Kwa hewa yetu ya hapa itafaa? Niweke nini ndani? Na hizi zilizokauka, bado zinaokoka?

Mjomba Kamalondo

Usijisumbue sana, kijana. Kata kipande cha tufaa, tia ndani pamoja na sponji iliyolowa, funga. Wazee wetu walitunza tumbako ya kiko hivyo hivyo na ilibaki laini.

Mama wa Kaunta

Mwanangu, inafaa. Tena kwa hapa Lubumbashi ningeichagua mbele ya lile sanduku la kioo, maana mengi yanavuja kwenye bawaba, na hewa ya mwezi wa nane huku kwetu inanyonya kila kitu. Nimetunza sigaa za hoteli mjini kwa miaka mingi. Sanduku zuri lilikaa ukumbini kwa ajili ya macho ya wateja. Akiba yote ilikuwa stoo, ndani ya glasiere.

Mjomba, kwa heshima yako: tufaa linafaa kwa tumbako ya kuvuta wiki hii. Sigaa zinakaa miezi, na za Cuba zinaweza kukaa miaka. Tufaa linatoa maji bila kipimo, halafu linaoza, na ukungu wake unahamia kwenye jani. Sponji ya maji ya bomba nayo inaota ukungu, na inaacha chokaa.

Sigaa inataka unyevu wa hewa wa asilimia 65 hadi 70, na joto la nyuzi 18 hadi 21. Ikikauka, mafuta ya jani yanapotea na moshi unakuwa mkali kooni. Ikilowa sana haivutiki, inazimika kila mara. Sisi hapa tuna misimu inayovutana: toka mwezi wa tano hadi wa tisa hewa inakausha, mvua ikishika inalowesha. Ndiyo maana usitafute kitu cha kutoa maji tu. Tafuta kinachotoa na kupokea. Vifuko vya Boveda vinafanya kazi hiyo: ndani mna maji yenye chumvi, na kila kifuko kimeandikwa unyevu ambao kinaushikilia. Chukua vya 65, vile vya gramu 60. Wenyewe wanashauri kimoja kwa kila sigaa 25 ambazo sanduku linaweza kubeba. Basi usihesabu sigaa ulizonazo, angalia nafasi. Lita 40 ni nafasi kubwa, mimi ningeanza na vitano. Havina uzito, mtu yeyote anayetoka Johannesburg au Dubai anaweza kukuletea. Kifuko kikishakuwa kigumu chote, kimekwisha.

Sasa glasiere yenyewe. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na bikaboneti, usiguse sabuni yenye manukato. Iache wazi juani mpaka ukiingiza kichwa usisikie harufu ya plastiki wala ya bia ya zamani. Hapo usiwe na haraka, kwa sababu jani la tumbako linabeba kila harufu inayokaa karibu nalo. Tundu la kutolea maji chini lizibe kwa utepe, kwa nje. Kisha shika noti ya franga, iweke ukingoni, funga mfuniko, ivute. Ikishikwa, pazuri. Ikitoka bila kushikwa, hapo panavuja, bandika mpira wa kuzibia mlango. Zunguka hivyo pande zote nne, na pembe usizisahau, ndizo zinazodanganya.

Kipima unyevu usikiamini kwa sababu ni kipya. Chukua kizibo cha chupa ya bia, kijaze chumvi ya jikoni, dondoshea maji mpaka iwe uji mzito, maji yasielee juu. Kiweke pamoja na kipimo ndani ya mfuko unaofunga kabisa, ulaze usiku na mchana wake. Hewa ya humo ndani inasimama kwenye asilimia 75, ndivyo chumvi hiyo ilivyo. Kipimo kikisoma 71, andika «ongeza 4» kwenye kikaratasi, ukibandike mgongoni mwake. Watu wengi wanaharibu sigaa nzuri kwa kufuata namba ya uongo, na hilo linaniuma, kwa sababu kizibo cha chumvi hakigharimu kitu.

Zilizokauka zinaokoka kama hazijapasuka. Usizikimbize. Ukizitia ghafla kwenye unyevu mwingi, tumbako ya ndani inavimba na kulipasua jani la juu, ambalo ni jembamba na limekwisha kukakamaa. Zianze na kifuko cha 62 kwa wiki kadhaa, ndipo uzihamishie kwenye 65. Zile tatu ziondoe. Usimuuzie mgeni.

Fundi Mbao Katuba

Naongeza upande wangu, mbao. Ile ya boksi za sigaa ni sederela, Cedrela odorata, mti wa Amerika ya Kati na Kusini na wa visiwa vya Karibi. Ni ukoo mmoja na akaju, yaani mahogani, haina udugu na mierezi ya Lebanoni. Inapendwa kwa sababu inapokea unyevu na kuurudisha polepole, na harufu yake inapatana na tumbako.

Kijana, usije kwangu wala kwa fundi mwingine kuagiza trei za paini au za mikaratusi. Zina harufu yao, na paini inatoa utomvu. Vanishi pia hapana. Zunguka kwenye hoteli na baa kubwa uombe boksi tupu za sigaa, wanazitupa. Vunja vifuniko, upate vibao vya kupanga ndani. Lakini mbao iliyokaa kwenye hewa ya kiangazi ina kiu. Kabla ya kutia sigaa hata moja, weka vibao ndani ya glasiere pamoja na kisahani cha maji distili, funga, subiri mpaka kipimo kitulie penye 65 au 68. Ukiruka hatua hii, mbao itakunywa vifuko vyako vyote.

Na maji distili yale ya betri, soma chupa vizuri. Dukani chupa ya maji na chupa ya asidi zinakaa bega kwa bega.

Kijana wa Himbi, Goma

Huku Goma ni kinyume. Mji uko kama mita 1,500 juu ya bahari, joto halitusumbui, ila mimi niko karibu na ziwa na unyevu unapanda wenyewe. Natumia chembe za silika, zile nyeupe za choo cha paka zisizo na manukato. Nikiona kipimo kimepita 70 naweka kikombe cha silika kavu, kikishuka sana nainyunyizia nusu yake maji distili. Ni rahisi kuliko vifuko, lakini inataka mtu anayetazama.

Kijana wa Golf

Aksanti sana Mama, aksanti Fundi, na ndugu wa Goma. Boksi tupu nimekwisha kuahidiwa. Nina maswali mawili. Mwezi wa kumi joto la hapa mnalijua, na stoo yetu haina klima, ile mashine ya kupoza hewa. Pili, sigaa zingine zina karatasi ya plastiki juu, niivue?

Mama wa Kaunta

Mwezi wa kumi ndio unaoniogopesha kwa niaba yako, kwa sababu ya mdudu. Kuna kidudu cha tumbako, kidogo, cha kahawia, mayai yake yanakuja tayari ndani ya jani toka shambani. Joto likipita nyuzi 24 yanaweza kuanguliwa. Utaona tundu la mviringo kama la sindano, na unga mwembamba chini ya sigaa. Glasiere inakusaidia kwa kuwa joto la mchana linaingia polepole, basi iweke chumba cha ndani kabisa, mbali na ukuta unaopigwa na jua la saa tisa. Iinue juu ya kibao, isikae kwenye sakafu ya sima (saruji): usiku wa mwezi wa saba sima inakuwa baridi na matone yanajikusanya chini ndani.

Kwa usalama zaidi, mwezi wa tisa zigandishe. Zifunge kwenye mifuko miwili, hewa itolewe, siku tatu kamili kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, kisha siku moja frigo ya kawaida, ndipo zirudi. Najua umeme unakatika. Jaza friza kwa chupa za maji, maana friza iliyojaa na isiyofunguliwa inashika baridi karibu siku mbili. Ukikuta chupa zimeyeyuka, anza kuhesabu siku tatu upya.

Hiyo karatasi iache. Inapitisha unyevu polepole, na mteja akishikashika sigaa kaunta jani halichubuki. Na kila wiki fungua mfuniko dakika chache, hewa ibadilike. Ukiona manyoya ya kijani au ya buluu juu ya moja, itoe siku hiyo hiyo, na jirani zake uwapangie kwenye boksi lao peke yao.