Meli ya utalii ikiondoka bila abiria, nani anawajibika?

Swali: Ndugu zangu, mwaka 2024 abiria 8 wa meli ya Norwegian Dawn waliachwa katika kisiwa cha São Tomé, Afrika, baada ya kuchelewa kurudi kutoka matembezi ya binafsi, wakalazimika kupitia nchi kadhaa hadi Dakar, Senegal, ndipo wakapanda tena. Je, kampuni haikuwa na wajibu wowote kwao?

Jibu la kwanza: Kwa kawaida mkataba wa tiketi humtaka abiria aliyejipangia matembezi mwenyewe ajigharamie akichelewa, ilhali matembezi yanayouzwa na meli ndiyo husubiriwa. Pasipoti zao zilikabidhiwa kwa wakala wa meli pale bandarini ili wazichukue, na hilo naliona kuwa la lazima kabisa.

Jibu la pili: Nakubali kwa hao waliochelewa, ndugu, lakini abiria mgonjwa anayeshushwa melini ili atibiwe hajachelewa popote; kumwacha peke yake ugenini ni kosa kubwa.