Ukishika kete unacheza! Jana kijiweni nimeporwa mchezo wa sataranji mchana kweupe

Wakuu, nina hasira mpaka usingizi umenikataa, nivumilieni.

Kuna jamaa kijiweni kwetu, tangu aanze kuangalia video za mitego ya sataranji hachezi kitu kingine. Ukianza na askari d4 (herufi na namba ni jina la mraba ubaoni) anakutupia wake e5, ufunguzi unaoitwa Gambiti ya Englund. Anakupa askari bure, halafu malkia wake anatoka mapema kama mgambo anayewinda machinga: e7, b4 na cheki juu (anamshambulia mfalme wako), kisha anakula askari wa b2. Anachosubiri ni wewe uweke askofu c3. Ukiweka tu, umekwisha: hatua ya nane malkia yuko c1 na mfalme wako hana pa kwenda. Alishanifunga hivyo mara tatu, soda zote juu yangu. Sikatai, ule ulikuwa uzembe wangu.

Safari hii nikajipanga. Alipokula b2 nikatoa farasi c3. Akaleta askofu b4 harakaharaka, mkono umeshakariri. Nikaweka ngome b1, uso kwa uso na malkia wake. Hapo akashika farasi wa g8. Hakumgusa kwa bahati mbaya, kamnyanyua kabisa, yuko hewani, ndipo macho yakatua b2. Akaganda. Akamrudisha taratibu, akamfuta vumbi (!), eti "nilikuwa namweka sawa tu". Malkia akakimbilia a3.

Sheria za FIDE, shirikisho la sataranji duniani, kifungu cha 4, ziko wazi: zamu ni yako, umegusa kete yako kwa makusudi, unacheza hiyohiyo. Kama unaiweka sawa unatangaza kabla ya kuigusa, siyo baada ya kuona moto. Na farasi yule angekwenda popote, malkia alikuwa ameliwa.

Nikalalamika. Watazamaji walewale ambao nikishika kete mimi wanapiga kelele "cheza hiyo hiyo!", jana wakaniambia niache nongwa, ni mchezo tu. Mchezo tu, na soda je?

Bado nilikuwa nimemzidi, ila mikono inatetemeka, hesabu zimenipotea. Mbele kidogo akanipiga cheki ya farasi, akaondoka na ngome yangu. Farasi gani? Yuleyule wa g8!

Usiku kaurusha mchezo kwenye grupu la WhatsApp, hatua zote kaziandika vizuri, chini kaweka "Englund haijawahi kuniangusha". Ile ya kushika haimo.

Soda sijamlipa na silipi. Mnaojua sheria, semeni kama nakosea.