Wakili mwenye maadili unamjuaje kabla hujampa hela?

binti_wa_kanda:
Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo yenu maana nimechanganyikiwa. Mama yangu alifungua kesi ya shamba Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, jirani kasogeza mpaka hadi kwenye miembe aliyopanda marehemu baba. Mimi na kaka tukachanga, tukapata wakili, tukamlipa milioni moja na laki mbili, risiti hakutoa, akamwambia mama "lala usingizi, hii kesi tumeshashinda". Basi kila tukipiga simu anasema inaendelea vizuri. Juzi mama kaenda mwenyewe kuulizia, karani kafungua faili akamwonyesha, shauri limefutwa kwa sababu upande wetu hatukutokea. Mama tangu siku hiyo chakula hakipandi. Sasa nauliza, hivi wakili mzuri unamtambuaje mapema?

kalamu_ya_risasi:
Pole sana dada, na mama mpe pole. Mimi ni wakili. Kabla sijajibu swali lako niambie kwanza, shauri lilifutwa tarehe ngapi? Kanuni za baraza zinawapa siku 30 kuomba hiyo amri itenguliwe. Zikipita itabidi muanze kwa kuomba kuongezewa muda, na hapo mtatakiwa kueleza kila siku mliyochelewa, halafu Mahakama ya Rufani imeshasema mara nyingi kwamba uzembe wa wakili peke yake si sababu ya kutosha. Inaniuma kuandika hivi maana anayeumia ni mteja. Kachukueni nakala ya amri kesho msingoje.

Kuhusu swali lako, ile "tumeshashinda" ndo ilikuwa dalili. Hakuna wakili mkweli anayekuahidi ushindi. Mkubwa aliyenifundisha kazi alikuwa mteja akija anasoma karatasi zote palepale na penseli mkononi, akimaliza anaanza na ubovu, "mzee, hii hati ya mauziano haina shahidi, hapa watatubana". Wengine walikuwa wananyanyuka kwa hasira wanaenda kwa wakili mwingine na yeye alikuwa hawazuii, hela ikiondoka mlangoni hivyo hivyo anaitazama. Mimi nilikuwa kijana nina njaa nikawa namshangaa, leo ndo namuelewa.

mzee_wa_stendi:
Binti yangu mi nitakwambia ukweli wa mtaani, tafuta wakili anayejuana na hakimu, hao wa vitabu watakuchelewesha tu.

kalamu_ya_risasi:
Shikamoo mzee wangu, lakini hapo naomba nikukatalie. Wakili anayekubali kupeleka bahasha kwa hakimu kwa niaba yako, atashindwaje kupokea bahasha ya mpinzani wako? Na akikudanganya kwamba kaipeleka utamshtaki wapi? Sisi tunaapa kwamba ni maofisa wa mahakama, maana yake hata kama kuna uamuzi wa nyuma unaoniumiza natakiwa niuweke mezani halafu nijenge hoja kwa nini kesi yangu ni tofauti. Hakimu akishajua husemi uongo, siku ukisimama anakusikiliza, kujuana kwenyewe ndo huko.

mama_duka:
Mimi naongezea kuhusu siri. Nilikuwa natafuta wakili wa talaka, nikaelekezwa kwa mmoja hodari kweli. Nimekaa pale mapokezi namsikia anasimulia kwenye simu mambo ya mama mwingine na mume wake, mpaka la vyumba viwili kulala mbali mbali, anacheka. Nikabeba mkoba wangu nikaondoka. Siri ya mteja haiishi hata kesi ikiisha, na mimi ningekuwa hadithi ya mteja anayefuata.

karani_mstaafu:
Dada, ingia mfumo wa e-Wakili wa Mahakama utafute jina lake uone kama yupo kwenye orodha na kama leseni yake ya mwaka huu ni hai, maana vishoka wapo wanavaa suti na mafaili kwapani. Kama ni wakili kweli peleka malalamiko Kamati ya Mawakili, wana uwezo wa kumsimamisha au kumfuta kabisa kwenye orodha. Meseji zote za "inaendelea vizuri" usifute hata moja, na muamala wa simu wa ile hela uchapishe. Kama mmeishiwa, tafuteni msaada wa kisheria, kuna sheria yake ya 2017, wapo wanaosaidia bure.
Nilikaa masjala miaka mingi, wakili mzuri nilikuwa namjua kwa jambo dogo tu, akishindwa kufika anatuma barua mapema na mteja wake anakuwa anajua. Mbaya mteja wake anakuja peke yake anauliza dirishani kama mama yako.

binti_wa_kanda:
Asanteni sana jamani, kalamu Mungu akuzidishie. Nimempigia mama akasoma tarehe aliyoandikiwa na karani kwenye kipande cha karatasi, leo ni siku ya 19. Kaka kaomba ruhusa kazini, kesho saa mbili tupo barazani kuchukua nakala.

kalamu_ya_risasi:
Mna siku 11. Ukishaipata niandikie inbox, nitaisoma usiku huohuo na kama kuna ubovu nitakwambia.